Upepo upimwe kabla ya mikataba: barua ya wazi kwa Waziri wa Nishati na Mamlaka ya Hali ya Hewa

Mheshimiwa Waziri wa Nishati,
Ndugu Mkurugenzi Mkuu wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA),

Nakala: Wizara ya Uchukuzi, TANESCO, EWURA na REA

Kwa heshima na taadhima, nawaandikia mbele ya umma kwa sababu mali ninayoizungumzia ni ya umma. Kwa zaidi ya miaka kumi sasa Singida na Makambako zimekuwa zikitajwa katika mipango, hotuba na mikutano ya wawekezaji kuwa ndiko umeme wa upepo wa nchi hii utakakotoka. Katika kipindi hicho hicho Ethiopia imejenga Ashegoda na Adama. Kenya imepanua Ngong, imesimamisha mitambo 365 huko Loiyangalani karibu na Ziwa Turkana yenye uwezo wa megawati 310, kisha ikaongeza megawati 100 za Kipeto. Sisi tuna mitambo mitatu Mufindi, jumla ya megawati 2.4, na hiyo imewekwa na kampuni binafsi inayohudumia vijiji vya huko.

Sababu zinazotolewa ni nyingi: bei, mitaji, dhamana za Serikali, ardhi, mazungumzo yaliyokwama. Sizipuuzi hata moja. Lakini nyingi kati ya hizo zinaota kwenye mzizi mmoja usiojadiliwa inavyostahili, nao ni kwamba nchi haina vipimo vya upepo vya kutosha, vilivyochukuliwa kwa ajili ya umeme, vilivyo mikononi mwa umma, na ambavyo mtaalamu yeyote anaweza kuvifungua na kuvihakiki. Hilo ndilo ninalolilalamikia, na ndilo ninaloomba lirekebishwe. Nitaeleza hoja zangu moja baada ya nyingine, na mapingamizi ninayoyasikia mara kwa mara nitayajibu humo humo.

1. Vipimo tulivyonavyo havikuchukuliwa kwa ajili ya umeme

Vituo vya hali ya hewa viliwekwa ili ndege zitue salama, mkulima ajue mvua na wavuvi waonywe mapema. Kazi hiyo wanaifanya watumishi wa TMA, na nchi inawategemea. Kwa kanuni za Shirika la Hali ya Hewa Duniani, upepo hupimwa mita 10 kutoka ardhini. Katika vituo vingi vya kilimo hupimwa mita 2 tu, kwa kuwa kinachotafutwa pale ni kiasi cha maji kinachopotea shambani. Mtambo wa kisasa wa kufua umeme unashika upepo kwenye mita 80, 100 au 120. Pengo lililo kati ya mita 10 na mita 100 huzibwa kwa kanuni ya kukadiria, na hapo ndipo hesabu inapoyumba. Tuseme kituo kimeandika wastani wa mita 4 kwa sekunde. Mkadiriaji akiichukulia ardhi kuwa tambarare yenye majani mafupi, atatumia kipeo cha 0.14 na kupata mita 5.5 kwa sekunde kule juu. Akiichukulia kuwa ardhi yenye vichaka na miti, kama zilivyo nyanda zetu nyingi, atatumia 0.25 na kupata mita 7.1. Sasa, nguvu iliyomo katika upepo hupanda kwa kipeo cha tatu cha kasi yake. Kwa hiyo jibu la pili lina nguvu zaidi ya mara mbili ya jibu la kwanza. Kituo ni kile kile, daftari ni lile lile, wataalamu wote wawili ni waaminifu, na bado mmoja atasema eneo liachwe na mwenzake atasema lijengwe.

Tuongeze na hali ya vituo vyenyewe. Mji unakua, na kituo kilichowekwa kwenye uwanja mtupu hujikuta baada ya miaka kimezungukwa na miembe na nyumba. Vikombe vya kipima upepo navyo huchakaa. Msuguano wa beringi ukiongezeka, kifaa husoma kasi ndogo kuliko iliyopo. Kisipopelekwa kuhakikiwa, rekodi ya miaka 20 itaonyesha upepo ukipungua ilhali kilichopungua ni wepesi wa kifaa. Mchambuzi asiyejua kituo kilihamishwa lini, kifaa kilibadilishwa lini, na jengo la jirani liliinuka mwaka gani, hawezi kutofautisha mabadiliko ya hewa na mabadiliko ya kituo. Ndiyo maana safu za namba peke yake hazitoshi. Historia ya kila kituo ina thamani sawa na namba zake.

2. Wastani mmoja hauwezi kubeba mradi

Wizara na TANESCO ziliwahi kupima upepo katika maeneo kadhaa: Mkumbara, Karatu, Gomvu, Litembe, Mgagao, Kititimo na Makambako. Ilikuwa hatua njema, na walioifanya wanastahili shukrani. Lakini kilichosafiri kutoka kwenye kazi hiyo hadi kwenye ripoti zilizofuata ni wastani tu: mita 9.9 kwa sekunde Kititimo, Singida, na 8.9 Makambako, katika urefu wa mita 30. Namba hizo zimenukuliwa na kunukuliwa tena, ripoti moja ikiichukua kutoka ripoti nyingine, mara nyingi bila kutaja vipimo vilichukuliwa miezi gani, kwa muda gani, na nguzo ilisimama wapi, kileleni au bondeni. Sisemi kwamba namba hizo si za kweli. Nasema kwamba mtu anayezisoma peke yake hana njia ya kuzithibitisha wala kuzikanusha, na namba ya aina hiyo haitoshi kumkopesha mtu hata senti.

Wastani huficha mambo. Chukua maeneo mawili. Kwenye la kwanza upepo unavuma mita 7 kwa sekunde mchana na usiku bila kubadilika. Kwenye la pili nusu ya muda unavuma mita 4 na nusu nyingine mita 10. Wastani wa yote mawili ni 7. Ukipiga hesabu ya kipeo cha tatu, la pili lina nguvu kubwa kuliko la kwanza kwa asilimia 55. Pia kuna suala la uzito wa hewa. Singida iko kwenye takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na Makambako iko juu zaidi. Hewa ya huko ni nyepesi, na kwa kasi ile ile ya upepo mtambo utapata nguvu pungufu kwa takriban asilimia 15 ukilinganisha na pwani. Mambo haya yote yanajulikana na yanahesabika, ila yanahitaji rekodi ya kila dakika kumi kwa mwaka mzima, pamoja na mwelekeo wa upepo, joto na mgandamizo wa hewa. Hakuna mahali ambapo wastani wa mwaka unaweza kushika nafasi ya rekodi hiyo.

3. Ramani za kompyuta zinaonyesha pa kuanzia

Pingamizi ninalolisikia zaidi ni hili: siku hizi ramani za upepo zipo bure, kwa nini tutumie fedha kusimamisha nguzo? Ni swali la haki. Atlasi ya upepo ya dunia iliyotengenezwa na Chuo Kikuu cha Ufundi cha Denmark pamoja na Benki ya Dunia inamwezesha yeyote mwenye simu kuona makadirio ya kasi ya upepo kwa kila mita 250 za ardhi, katika urefu tofauti hadi mita 200. Ni zawadi kubwa kwa nchi kama yetu na inapaswa kutumiwa kila siku katika ofisi zenu. Lakini tuangalie inavyopatikana. Kwanza huchukuliwa modeli ya hali ya hewa ya dunia nzima, ambayo picha yake ni pana sana. Kisha hupunguzwa hadi kilomita chache, na mwisho hurekebishwa kwa kutumia sura ya milima na aina ya uoto. Pale ambapo modeli ya mwanzo ililishwa vipimo vingi, matokeo huaminika. Vipimo vikiwa haba, kama ilivyo katika sehemu kubwa ya Afrika, modeli hukisia kutoka mbali. Kwenye kingo za Bonde la Ufa na kwenye nyanda za juu za kusini, ambako upepo unabanwa na milima kisha unafunguka, kosa la asilimia 10 katika kasi si jambo la ajabu. Kosa hilo likipita kwenye kipeo cha tatu linakuwa theluthi moja ya nguvu yote. Watengenezaji wa atlasi wenyewe wanasema ni ya tathmini ya awali, si ya kuamulia mradi.

Kuna mbinu ya kuunganisha ramani na vipimo, na ndiyo inayotumika duniani kote pale takwimu zinapokuwa chache. Nguzo hupima kwa mwaka mmoja. Rekodi yake hulinganishwa na ya kipindi kile kile kutoka kituo cha karibu chenye historia ndefu, au kutoka modeli ya dunia inayorudi nyuma miaka mingi. Uhusiano ukishapatikana, mwaka ule mmoja huweza kunyooshwa uwakilishe miaka 20, ili mradi usijengwe kwa kuutegemea mwaka uliokuwa na upepo mwingi kupita kawaida. Mbinu hiyo ni ya gharama nafuu na ni ya kisayansi, lakini bila ule mwaka wa nguzo haiwezi hata kuanza.

Hata dalili za asili zina nafasi yake katika hatua ya kuchagua. Miti iliyoinamia upande mmoja mwaka mzima ni ushahidi ambao wahandisi wa upepo wanaufahamu na wana vipimo vyake. Wenyeji wa Singida wanajua ni mwinuko gani unaopigwa na upepo na ni bonde gani lililotulia. Maafisa waende wakawaulize kabla ya kuchagua mahali pa nguzo.

4. Anayepima ndiye anayepanga bei

Hapa ndipo ninapoona hatari kubwa kuliko zote, na nawasihi mnisikilize. Mwekezaji makini haingii kwenye mkataba kwa kubahatisha. Akipata eneo husimamisha nguzo yake, hupima mwaka mmoja au miwili, huajiri wachambuzi, na siku ya kukaa na TANESCO anajua ni uniti ngapi zitatoka kwa uwezekano wa asilimia 50 na ngapi kwa uwezekano wa asilimia 90. Benki yake humkopesha kwa kuitazama namba hii ya pili. Ng'ambo ya meza, mnunuzi wa umma asiye na vipimo vyake anategemea anachoambiwa na muuzaji. Upepo ukiwa mzuri kuliko ulivyotangazwa, bei kwa uniti itakuwa imepangwa juu mno, na mwananchi ataibeba kwa miaka 20 ya mkataba. Ukiwa mbaya kuliko ulivyotangazwa, mradi utachechemea, mwekezaji atarudi kuomba masharti mapya, au mitambo itasimama na deni likabaki. Kwa vyovyote vile hasara inarudi kwa mlipa ankara. Wahenga walishasema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Simlaumu mwekezaji kwa kupima, maana hiyo ndiyo kazi yake. Ninachohoji ni kwa nini upepo tunautendea tofauti na rasilimali nyingine. Sheria ya Petroli ya mwaka 2015 inatamka kwamba takwimu za utafutaji wa mafuta na gesi ni mali ya Serikali, hata kama kampuni ndiyo iliyolipia kuzikusanya. Kwenye madini, wenye leseni wanawajibika kuwasilisha taarifa za kijiolojia, na Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini pale Dodoma inazihifadhi kwa ajili ya taifa. Kampuni ikiondoka, ilichokigundua kinabaki. Kwa upepo hatuna maktaba ya aina hiyo. Kampuni inaweza kupima kilima kimoja kwa miaka miwili, ikashindwa kupata mkopo, ikafunga ofisi, na rekodi yote ikaondoka nayo. Anayefuata anaanza upya pale pale, kwa gharama mpya, na nchi inahesabu miaka mingine miwili.

Wako wanaosema kutangaza vipimo kutawafukuza wawekezaji. Afrika Kusini inaonyesha kinyume chake. Kuanzia mwaka 2009, kupitia mradi wao wa atlasi ya upepo, walisimamisha nguzo kumi za mita 60 katika majimbo ya Cape na kuziweka rekodi hadharani, yeyote azipakue bila malipo. Mwaka 2011 wakaanza zabuni za ushindani za nishati jadidifu, na leo wana zaidi ya megawati 3,000 za upepo. Bila shaka nguzo peke yake hazikuleta hayo. Kulikuwa na sera na mikataba iliyoeleweka. Lakini mzabuni anayejua upepo wa eneo haongezi kwenye bei yake fungu la kujikinga na asichokijua. Misri nayo ilianza kupima Ghuba ya Suez mwanzoni mwa miaka ya 1990 ikishirikiana na maabara ya Risø ya Denmark, na mwaka 2006 ikatoa atlasi ya nchi nzima. Kwenye ghuba hiyo leo ziko Zafarana na Gabal el-Zayt, kila moja ikiwa na zaidi ya megawati 500.

Wananchi wenye ardhi nao wana sehemu yao katika jambo hili. Huko Kinangop nchini Kenya, mradi wa megawati 60 ulifutwa mwaka 2016 baada ya mgogoro mkali na wakazi. Mwaka 2021 mahakama ya Meru iliamua kwamba hati za ardhi ya mradi wa Ziwa Turkana hazikupatikana kwa utaratibu halali. Kijiji kinachoombwa ekari kwa ajili ya mitambo, bila kujua kilima chake kina thamani gani, hujadili kodi ya ardhi kikiwa gizani. Baadaye, wanapogundua walichokitoa, hasira yao inaeleweka. Serikali ya kijiji Kititimo ikiweza kuona rekodi ile ile anayoiona mwekezaji, mkutano mkuu wa kijiji utauliza maswali yanayostahili mapema, kabla mtu hajachimba msingi.

5. Maji na gesi havijafuta haja ya kupima upepo

Nitaambiwa kwamba Bwawa la Julius Nyerere limekamilika na megawati zake 2,115, gesi ya Mtwara na Songo Songo ipo, kwa hiyo upepo usubiri. Naliheshimu bwawa hilo na ninajua limeiondolea nchi mzigo gani. Lakini mgawo wa mwaka 2006, wa 2011 na ule wa mwishoni mwa 2022 ulitufundisha kinachotokea mvua zikikosekana wakati nchi inategemea maji. Na hapa upepo wetu una tabia ambayo nchi nyingi zingeitamani: katika nyanda za kati na za juu kusini unavuma kwa nguvu zaidi wakati wa kiangazi, msimu wa kusi, takriban Juni hadi Oktoba, ndiyo miezi ambayo mito inapungua. Kila uniti itakayotoka Singida mwezi Agosti ni maji yatakayobaki nyuma ya ukuta wa bwawa kwa ajili ya Novemba. Bwawa kubwa linaongeza thamani ya upepo, kwa sababu upepo ukitulia jioni, maji yanafunguliwa; ukirudi, yanafungwa. Hivyo hoja kwamba upepo hautabiriki na gridi haitaumudu inajibika, ila inajibika kwa rekodi za saa kwa saa, si kwa maneno. TANESCO ikiwa na rekodi za mwaka mzima za Singida, Makambako na pwani kwa pamoja, itajua ni mara ngapi maeneo hayo hutulia kwa wakati mmoja na ni mara ngapi moja huvuma wakati jingine limelala. Ikiwa haina, itaendelea kukisia.

Jiografia nayo imetupendelea. Kenya ililazimika kujenga njia ya kilomita 438 kutoka Loiyangalani hadi Suswa. Mitambo ilikuwa tayari kabla njia haijakamilika, na Wakenya wakabebeshwa gharama ya umeme ambao haukuweza kuwafikia. Singida yetu tayari iko kwenye njia ya kilovolti 400 ya Iringa hadi Shinyanga, na ndiko inakoanzia njia ya kwenda Arusha, Namanga na Isinya. Mwezi Machi 2025 ilitangazwa kwamba mikoa ya kaskazini itanunua umeme wa Ethiopia kupitia Kenya, kwa kuwa umeme wa kusini unapotea sana njiani kabla ya kufika huko. Singida iko katikati ya safari hiyo. Kama kuna mahali ambapo uniti moja ya upepo ina faida ya ziada kwa gridi ya Taifa, ni hapo, na inashangaza kwamba hapo ndipo tunapobishana bado kuhusu wastani.

6. Upepo mmoja, wizara mbili

TMA iko chini ya Wizara ya Uchukuzi, na umeme uko chini ya Wizara ya Nishati. Anayepima upepo hana mradi wa umeme, na anayetaka umeme hana kituo. Takwimu za zamani hutolewa kwa maombi na kwa ada, utaratibu ambao mwanafunzi wa shahada ya uzamili au mhandisi kijana anayeanza kampuni yake anashindwa kuumudu. Naelewa kwamba TMA inatakiwa kujiingizia mapato. Basi itoze huduma zinazotengenezwa kwa ajili ya mteja, kama utabiri maalumu wa kampuni za meli, migodi na ndege. Rekodi ghafi za miaka iliyopita zilikwisha kulipiwa na kodi. Mwezi Oktoba 2021 Shirika la Hali ya Hewa Duniani, ambalo Tanzania ni mwanachama wake, lilipitisha sera mpya inayosisitiza takwimu za msingi zibadilishanwe bure na bila vikwazo. Sioni sababu Mtanzania apate takwimu za anga lake kwa urahisi zaidi kutoka seva ya Ulaya kuliko kutoka ofisi iliyo Dodoma.

Ninachoomba

Naomba kwanza mpango wa Taifa wa upimaji, wenye nguzo zisizopungua kumi za mita 80 au zaidi, chini ya Wizara ya Nishati na TMA kwa pamoja, utakaojengwa juu ya kazi ya upimaji ambayo Benki ya Dunia imekwishaisaidia nchini kupitia programu yake ya ESMAP. Singida na Makambako zipewe zaidi ya nguzo moja kila moja, kwa kuwa mwinuko mmoja hauwakilishi mkoa. Mgagao na Mkumbara, kando ya milima ya Upare na Usambara, zipimwe upya. Karatu, Mufindi, na pwani ya Lindi na Mtwara zisiachwe. Ziwepo pia sehemu ambazo ramani inasema upepo ni hafifu, maana ni huko tutakakojua ramani inakosea kiasi gani. Kila nguzo iwe na vipima upepo katika ngazi za urefu zisizopungua tatu, vilivyohakikiwa kabla ya kupandishwa na baada ya kushushwa. Serikali za vijiji zilipwe kwa ulinzi, kwa sababu paneli na betri za nguzo zikiibwa mwezi wa tatu, mwaka mzima umeharibika.

Pili, minara ya simu itumike. Mwaka 2023, kupitia Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, Serikali ilisaini mikataba ya kujenga minara 758 vijijini kwa ruzuku ya umma. Mnara wa chuma huvuruga upepo unaoupita, kwa hiyo vipimo vyake havifikii ubora wa nguzo maalumu. Vifaa vinapaswa kufungwa kwenye mikono mirefu pande mbili tofauti, na ule upande uliokingwa na mnara uondolewe katika hesabu. Hata hivyo, minara 30 iliyochaguliwa vizuri ingetupatia picha ya nchi ambayo hatujawahi kuwa nayo, kwa sehemu ndogo ya gharama.

Tatu, kila kibali cha upembuzi yakinifu wa mradi wa upepo kiwe na sharti la kuwasilisha rekodi ghafi serikalini. Zifungwe kwa miaka miwili ili mwekezaji alinde ushindani wake, kisha ziwe wazi. Kampuni ikiacha mradi, zifunguliwe siku hiyo hiyo. Sheria ya mwaka 2019 iliyoianzisha TMA kama mamlaka imeipa uwezo wa kusimamia shughuli za hali ya hewa nchini, vikiwemo vituo vya binafsi, kwa hiyo pa kuanzia papo.

Nne, takwimu zote za upepo za TMA, pamoja na historia ya kila kituo, ziwekwe kwenye tovuti moja, bure, katika umbo ambalo kompyuta inaweza kulisoma moja kwa moja. Picha za kurasa zilizopigwa chapa hazitatusaidia. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Taasisi ya Nelson Mandela ya Arusha vipewe jukumu la kuzihakiki na kuchapisha matokeo kila mwaka, hata yale yasiyopendeza.

Kuhusu fedha nitasema kwa kifupi. Mradi wa Ziwa Turkana ulizidi euro milioni 600. Mpango mzima ninaouomba hapa hautafikia hata sehemu moja kati ya mia ya kiasi hicho, na unahusu upepo wa nchi nzima. Januari 2025 Dar es Salaam iliwakaribisha wakuu wa nchi za Afrika kutangaza lengo la kuwafikishia umeme watu milioni 300 ifikapo 2030. Washirika walioahidi fedha siku ile wanaweza kuombwa nguzo kumi.

Mheshimiwa Waziri, Ndugu Mkurugenzi Mkuu, upimaji huu una kalenda ambayo haiwezi kusogezwa na ofisi yoyote. Rekodi inayofaa ni ya miezi 12 mfululizo, na ni lazima ibebe msimu wote wa kusi. Nguzo zisiposimama kabla ya mwezi Mei, msimu huo unapotea na hesabu inaanza upya mwaka unaofuata. Kwa hiyo naomba tangazo la zabuni ya nguzo litoke kabla ya Desemba, wakandarasi wapatikane kufikia Februari, na orodha ya maeneo itakayopimwa ichapishwe ili wakazi wake waijue. Nasubiri majibu yenu, na nayaomba yatolewe hadharani kama barua hii ilivyotolewa.

Wenu mtiifu,
Mlipa kodi na mtumia umeme